Kupiga Picha za Harusi Ndogo Tanga kwa Mara ya Kwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo wapigapicha wanaoanza kazi hapa Tanga huyarudia kila msimu wa harusi, hasa katika mwezi wa Shaabani na katika Mfungo Mosi, ambapo ndoa hufuatana na hata asiye na uzoefu huitwa. Yameanza na mambo ya msingi na kuishia kwenye hali zisizo za kawaida. Pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa, utaelekezwa kwenye swali husika.

## Kabla ya kukubali kazi

1. Harusi ndogo ni ipi, na je, ni rahisi kuipiga kuliko kubwa?

Kwa kawaida ni harusi isiyo na ukumbi wa kukodi wala kamati ya michango. Wageni ni thelathini, arobaini, pengine sitini. Nikahi inafungwa msikitini au sebuleni, chakula kinaliwa uani au chini ya turubai lililofungwa mbele ya nyumba, na wengi huwa wamekwisha kurudi kwao kabla ya Isha. Ngamiani, Makorora na Chumbageni harusi za namna hii ni nyingi.

Si rahisi. Katika ukumbi wenye watu mia nne, picha ya shangazi mmoja ikikosekana huenda asipatikane wa kuiulizia. Katika harusi ya watu arobaini kila mgeni amealikwa kwa sababu, na familia itakapofungua albamu itamtafuta kila mmoja. Tena hakuna msongamano wa kujificha: ukisogea unaonekana, ukisimama mahali pasipostahili unaonekana zaidi. Faida yake ni kwamba unaweza kuwajua karibu wote kabla ya siku kufika. Kuwajua watu na ratiba yao ndiyo sehemu kubwa ya kazi hii, na kamera inakuja baada yake.

2. Sijawahi kupiga harusi hata moja. Nikubali nikiombwa?

Kubali ikiwa mambo mawili yametimia. La kwanza, familia inajua wazi kwamba hii ni harusi yako ya kwanza na bado inakutaka. Usiwaache wadhani vinginevyo kwa kunyamaza. La pili, unaweza kupiga picha za ndani ya nyumba bila kubahatisha. Jipime hivi: jioni, saa 11, taa zikiwa zimezimwa, mwombe mtu wa nyumbani kwenu atembee kutoka mlangoni hadi kwenye kiti huku mwanga ukiingia kwa dirisha moja tu, nawe umpige mfululizo. Ikiwa katika picha nyingi macho yake yametoka bila ukungu, uko tayari. Ikiwa sivyo, omba kwanza kuwa msaidizi wa mpigapicha mwingine, hata kwa kubeba begi na kushika taa.

3. Niulize nini ninapokutana na familia?

Uliza mahali na saa, lakini usiishie hapo. Ukiambiwa nikahi ni baada ya Alasiri, uliza ni msikiti gani, kwa kuwa kila msikiti una saa yake ya kukimu swala, na ukifika wakati watu wanatoa salamu ya mwisho umekwisha kuchelewa. Uliza nani anaozesha, nani ni walii, mashahidi ni akina nani, na bwana harusi atakwenda nyumbani kwa bibi harusi kwa gari au kwa miguu. Uliza kama kuna mzee mgonjwa ambaye hatatoka chumbani, ili umfuate aliko mapema, kabla hajachoka.

Swali lenye uzito kuliko yote ni hili: nani hataki kupigwa picha, na ni picha gani hazitakiwi kutoka nje ya familia? Liulize upande wa mume na upande wa mke, kila mmoja peke yake, kwa sababu majibu huwa hayafanani. Kisha omba kila upande ukupe mtu mmoja anayewafahamu watu wake, wa kukuambia, "Yule aliyevaa kofia ya vito ndiye baba mkubwa." Mara nyingi msichana au kijana wa miaka kumi na tano anaifanya kazi hiyo vizuri kuliko mtu mzima, kwa sababu mtu mzima siku hiyo ana shughuli zake.

4. Nidai kiasi gani? Na kama mwenye harusi ni ndugu yangu?

Hesabu saa zako zote. Shughuli ya saa tano inazaa kazi ya kuchagua na kuhariri ambayo kwa anayeanza hufika mara mbili au tatu ya muda huo. Ongeza nauli au mafuta, umeme, intaneti na gharama ya kuazima lenzi kama huna. Ukipata jumla hiyo utajua kiwango ambacho chini yake unafanya kazi kwa hasara.

Chukua sehemu ya malipo mapema, nusu kwa kawaida, na muandikiane hata kama ni ukurasa mmoja: tarehe, saa za kuanza na kumaliza, idadi ya picha, siku ya kukabidhi, na nini kitafanyika harusi ikiahirishwa. Kwa ndugu, unaweza kutoa kazi yako kama zawadi, nalo ni jambo jema. Lakini iseme kuwa ni zawadi na uandike yale yale, kwa sababu kazi isiyokuwa na mipaka ndiyo inayovunja udugu.

## Vifaa

5. Kamera moja na lenzi moja vinatosha? Je, simu inaweza kufaa?

Kamera moja inatosha kwa ustadi, lakini haitoshi kwa usalama, kwani nikahi hairudiwi kwa sababu shata imekwama. Azima au kodi ya pili, hata iwe ya zamani. Kwa lenzi, ukilazimika kuwa na moja tu, chukua ya milimita 35 yenye tundu la f/2 au pana zaidi (namba ikiwa ndogo, tundu ni pana) kwa kamera ya kihisi kikubwa (full frame). Vyumba vya nyumba za Kiswahili ni vidogo, na lenzi ya milimita 85 inayopendeza ufukweni itakusukuma mpaka ugonge ukuta.

Simu nzuri ya miaka ya karibuni hufanya kazi nzuri mchana, nje, na watu wakiwa wametulia. Ndani, jioni, mtu akitembea au akicheza, itakuangusha. Iweke kama akiba na kwa video fupi ambazo familia huzitaka siku hiyo hiyo.

6. Nijiandae vipi kwa umeme na nafasi ya kuhifadhi?

Chaji kila kitu usiku wa kuamkia jana yake, si usiku wa kuamkia harusi, maana umeme ukikatika usiku huo hutakuwa na muda wa kutafuta pengine. Betri tatu ni kiwango cha chini. Picha moja ya RAW (faili ghafi la kamera) kutoka kamera ya megapikseli 24 hula takriban MB 25 hadi 30, kwa hiyo kadi ya GB 64 hubeba takriban picha 2,000. Kamera yenye nafasi mbili za kadi iwekwe iandike kwenye zote mbili kwa pamoja.

7. Kwa nini lenzi yangu hupata ukungu ninapotoka kwenye gari?

Hewa ya pwani ina unyevu mwingi, na kioo kilichopozwa na kiyoyozi kinapokutana na hewa hiyo, unyevu huganda juu yake. Kufuta hakusaidii, ukungu hurudi mpaka kioo kipate joto la nje. Omba dereva azime kiyoyozi na afungue vioo dakika ishirini kabla ya kufika, au acha kamera ndani ya begi lililofungwa. Ukitoka ufukweni, futa mwili wa kamera kwa kitambaa chenye unyevunyevu kidogo na kisha kikavu, kwani chumvi huendelea kula chuma baada ya wewe kulala.

## Mwanga na mipangilio

8. Nianze na mipangilio gani?

Piga RAW. Ndani ya nyumba anza na tundu f/2.8, kasi ya shata 1/125 ya sekunde kwa mtu anayetembea taratibu, na ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) ipande inakohitaji, hata 3200 au zaidi. Picha yenye chembechembe inasomeka na kusamehewa, ilhali iliyotikisika haina dawa. Ngoma ikianza panda hadi 1/250. Kwa picha za pamoja fuata swali la 15.

9. Kwa nini kanzu nyeupe hutoka ya kijivu na buibui hutoka limepauka?

Kipima mwanga cha kamera hudhani kila anachokiona kina weupe wa wastani. Ukikijazia kanzu kumi nyeupe, kitapunguza mwanga, na nyuso zitatoka nyeusi mno. Ukikijazia mabuibui, kitaongeza. Kwa hiyo ongeza fidia ya mwanga kwa stopu moja hivi (yaani mwanga mara mbili) mbele ya kanzu nyingi, na punguza stopu moja mbele ya vazi jeusi. Kisha itazame picha kwenye skrini, na uamue kwa uso wa mtu. Nguo inakuja baadaye.

10. Nyuso zimegeuka za bluu chini ya turubai. Nifanye nini?

Turubai la rangi huchuja jua na kumwaga rangi yake juu ya kila aliye chini yake. Kuhariri hakuondoi tatizo lote, kwa sababu upande mmoja wa uso umepata rangi ya turubai na upande wa pili mwanga mweupe wa pembeni. Msogeze mtu hadi ukingoni mwa turubai, akiwa bado kivulini, uso ukitazama nje. Kama familia bado haijakodi, pendekeza turubai jeupe. Ni ushauri wa dakika moja unaookoa usiku mzima wa kazi.

Kama unatumia taa ya kamera, kumbuka kuwa kuielekeza juu kunafaa penye dari jeupe. Chini ya makuti mwanga humezwa, na chini ya dari lililopakwa rangi unarudi na rangi hiyo.

11. Picha zangu za usiku zina michirizi ya giza. Kamera imeharibika?

La. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za LED za bei nafuu huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Tumia kasi ya 1/50 au 1/100, na uzime shata ya kielektroniki utumie ya kawaida.

12. Picha za nje na za ufukweni zipigwe saa ngapi?

Kuanzia saa 10 na nusu jioni kwenda mbele. Tuko takriban nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua la saa 6 mchana huwa karibu utosini kwa miezi mingi na kuacha mashimo ya kivuli machoni. Machweo hayabadiliki sana: jua huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasoro dakika kumi, mwaka mzima. Lakini giza huja upesi, na baada ya jua kuzama una dakika ishirini hivi za mwanga wa kutumika.

Maharusi wengi huomba picha ya jua likizama baharini, kama wanavyoona kwenye picha za mbali. Pwani yetu haitoi hiyo. Kwa ujumla inatazama mashariki, na kwenye bustani za ufukweni mjini bahari iko kaskazini. Jua huzama nchi kavu, upande wa milima ya Usambara. Waeleze mapema, kisha waoneshe uzuri tulionao: jioni, maharusi wakigeuza nyuso kuelekea nchi kavu, wanapata mwanga laini wa rangi ya asali usoni, na nyuma yao bahari imetulia, na ukiwa upande wa mji unapata na kisiwa cha Toten. Anayetaka jua na bahari pamoja aamke alfajiri.

Jambo linalosahauliwa ni maji. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu, maji katika pwani hii hujaa alasiri, karibu saa 10, na kupwa saa 4 hivi asubuhi. Wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, mambo hugeuka, na saa 10 utakuta maji yamekwenda na sehemu nyingi zimebaki tope na mawe. Waulize wavuvi wa Deep Sea au wa Sahare. Watakupa saa bila kutazama kitabu.

Wengine hupenda magofu ya Tongoni, takriban kilomita 17 kusini mwa mji katika njia ya Pangani. Ni mahali pazuri mno, lakini ni msikiti na makaburi. Omba ruhusa kwa walinzi wa mahali, na usimruhusu mtu kuketi wala kuegemea kaburi kwa ajili ya picha.

## Siku yenyewe

13. Nikahi msikitini au sebuleni huendaje, na mimi nikae wapi?

Zungumza na imamu siku kabla, au umtume mzee wa familia. Misikiti mingi inaruhusu picha za nikahi kwa utulivu, mingine hairuhusu taa ya kamera, na mingine hairuhusu kabisa. Jibu lolote utakalopewa lifuate. Vua viatu, vaa nguo ya heshima, zima mlio wa kamera, na usikatize mbele ya anayeswali sunna.

Baada ya hotuba, bwana harusi na walii, au anayeozesha kwa idhini ya walii, hukaa wakikabiliana, magoti yakikaribiana, na kupeana mkono wa kulia. Mwenye kuozesha hutamka, na bwana harusi hujibu kwamba amekubali kumuoa binti huyo kwa mahari waliyopatana. Jibu hilo ni sekunde chache tu, na ndilo ndoa yenyewe. Kaa chini ubavuni mwao, kamera ikiwa usawa wa mikono, mahali ambapo unaona mikono miwili mbele na uso wa bwana harusi nyuma yake. Usiwe kati yao na mashahidi, kwa sababu mashahidi wanapaswa kuona na kusikia. Piga picha mbili au tatu za mikono kabla ya maneno, kisha hamia usoni na ukae hapo: midomo inayotetemeka kidogo, jasho chini ya kofia, kijana anavyovuta pumzi kabla ya kujibu. Wengi huendelea kupiga mikono tu, na wanaupoteza uso.

Neno likishatamkwa, geuka mara moja. Baba wa bibi harusi, ambaye hakuna aliyekuwa akimtazama, ndiye mwenye picha wakati huo.

14. Na ndoa ya kanisani au ya bomani?

Kanisani, mwone padri au mchungaji mapema akuonyeshe mpaka usiovuka. Kwa kawaida huruhusiwi kupanda madhabahuni, na nyakati za sala hupaswi kutembea. Picha zisizorudiwa ni viapo, pete na kutia sahihi, na wasimamizi wa ndoa wawepo katika mojawapo.

Ndoa ya bomani ni fupi mno, pengine robo saa. Chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 maharusi hutoa taarifa siku 21 kabla, kwa hiyo tarehe unaweza kuijua mapema. Tembelea ofisi siku nyingine ya kazi, uone dirisha liko wapi na uombe ruhusa. Siku yenyewe huenda kukawa na watu wanane tu. Mpe kila mmoja picha yake.

15. Picha za pamoja nizipange vipi zisile muda wote?

Andika orodha ya makundi na familia kabla ya siku, yasizidi kumi, na uanze na wazee na wenye watoto wachanga. Tumia f/5.6 hadi f/8 ili mstari wa nyuma nao uonekane vizuri, wote wawe kivulini au wote juani, na piga angalau tatu kwa kila kundi kwa sababu mmoja atakuwa amefumba macho. Yule kijana wa swali la 3 ndiye wa kuwaita watu. Wewe usiache kamera kwenda kutafuta mjomba.

16. Nifanyeje chumbani kwa bibi harusi?

Hapa pana mipaka mikali kuliko popote, na ni haki iwe hivyo. Bibi harusi na wanawake wa nyumba wako bila mitandio, wanapambwa, wanacheka kwa uhuru wao. Mpigapicha mwanamume haingii, isipokuwa familia imemruhusu waziwazi, wote waliomo wakiwa wamejisitiri. Ukiwa mwanamume, tafuta mpigapicha mwanamke mshirikiane na mlipane. Usifanye jambo la kumpa dada wa bibi harusi kamera yako kwa dharura. Picha za chumbani ziwe kwenye kadi yake peke yake, yenye alama, na huyo huyo mwanamke ndiye azichague na kuzihariri.

Mwenye chumba siku hiyo ni somo au kungwi. Mwamkie kwanza, "Shikamoo, bibi," umweleze unachotaka kupiga, na usubiri. Akikukubali, atakufungulia mambo ambayo usingeyajua: hina ikikaguliwa viganjani, kanga ya kisutu ikikunjuliwa, kikuba cha asumini kikifungwa, chetezo kikiletwa.

Chetezo kinastahili subira. Moshi wa udi hauonekani ukipigwa mwanga kutoka mbele. Unaonekana ukiwa kati yako na dirisha, nyuma yake pakiwa na kitu cha giza, kama kabati au pazia zito. Mwombe anayefukiza asogee hatua moja kuelekea dirishani, pima mwanga wa moshi, na uache chumba kingine kiingie gizani.

Kwa picha ya bibi harusi peke yake, chumba kikijaa watu, mtoe koridoni. Nyumba zetu nyingi zina korido ndefu katikati, mlango wa mbele ukifunguka barazani. Msimamishe hatua mbili au tatu ndani ya mlango ulio wazi, uso ukielekea nje. Mwanga unaoingia pale ni mpana na laini, na nyuma yake korido inazama gizani yenyewe. Familia ikitaka faragha, shikeni kanga nyeupe mlangoni. Mwanga utapita na macho ya barabarani hayatapita.

Bwana harusi akija, wanawake hushikilia mlango mpaka atoe fedha. Mpigapicha wa ndani awe tayari, maana akishaingia huweka mkono kwenye paji la uso la mkewe na kusoma dua, na pale hakuna wa kumwambia arudie.

17. Wakati wa chakula na ngoma nipige nini?

Piga pilau likipakuliwa na wapishi, si midomo inayotafuna. Mpishi aliyeamka usiku kuwasha kuni hupigwa picha mara chache mno, naye ni sehemu ya harusi. Wakati wa kutunza, elekeza kamera usoni mwa anayetunzwa. Noti zitaonekana zenyewe.

## Baada ya harusi

18. Nihifadhi vipi picha?

Usiku huo huo, kabla ya kulala, nakili kwenye kompyuta na kwenye diski ya nje, na usifute kadi mpaka umekabidhi kazi. Nakala ya tatu ikae nyumba nyingine au mtandaoni, ikiwa familia imekubali mtandao.

19. Nitoe picha ngapi, lini, na kwa njia gani?

Kwa harusi ndogo, picha 150 hadi 250 zilizochaguliwa vizuri zinapendeza kuliko 900 zinazojirudia. Tuma kumi ndani ya siku mbili ili watu watulie, na nyingine kwa tarehe mliyoandikiana. WhatsApp hubana picha zinapotumwa kwa njia ya kawaida; zitume kama dokumenti, au uziweke kwenye flashi. Chapisha angalau chache. Picha ya ukubwa wa A4 inahitaji takriban megapikseli 9 ili itoke safi, na kamera yoyote ya leo inafika hapo. Bibi mwenye umri wa miaka themanini hatafungua flashi, lakini picha iliyo ukutani ataitazama kila siku.

20. Naweza kuziweka mtandaoni kutangaza kazi yangu?

Kwa ruhusa ya maandishi tu, ikitaja picha zipi. Ruhusa ya bwana harusi si ruhusa ya bibi harusi, na ya wote wawili si ya mgeni aliyekaa pembeni. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata kabla ya sheria kuna amana. Picha za chumbani (swali la 16) usiziombee ruhusa kabisa. Chukulia kwamba hazitoki. Hali kadhalika kuziweka kwenye status, hata kwa saa moja.

## Hali zisizo za kawaida

21. Bwana harusi yuko nje ya nchi na ameweka wakili. Nipige nini?

Nikahi inafungwa kama kawaida, wakili akipeana mkono na kujibu kwa niaba yake. Familia huwa imempigia bwana harusi kwa video. Punguza mwangaza wa skrini ya simu ili uso wake uonekane sawa na chumba, na umweke katika picha pamoja na wakili. Muulize pia yeye mwenyewe kabla: mara nyingi anazitaka picha za mama yake siku hiyo kuliko picha za nikahi.

22. Ni ndoa ya mke wa pili na wanataka siri. Nikubali?

Ni uamuzi wako. Ukikubali, umekubali na usiri wake: usimtaje mteja, usiweke picha popote, na faili ziwe kwenye diski yenye nywila. Usiwaulize maswali yasiyohusu kazi. Bibi harusi huyu naye ni bibi harusi, na anastahili picha zilizopigwa kwa moyo ule ule.

23. Mvua ikinyesha?

Kati ya Machi na Mei, na tena kuelekea mwisho wa mwaka, panga ukidhani itanyesha. Baraza na korido ndizo studio zako, na mwanga wa wingu ni laini kuliko wowote. Mfuko wa plastiki uliotobolewa kwa ajili ya lenzi unatosha kuvuka uani.

24. Familia inataka droni.

Droni hairushwi bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na uwanja wa ndege wa Tanga uko karibu na makazi. Kwa watu arobaini uani, ghorofa ya jirani au ngazi imara hutoa picha ile ile.

25. Msiba ukitokea siku ya harusi?

Teremsha kamera na usubiri mzee wa familia aseme. Mara nyingi nikahi huendelea kimya kimya na sherehe hufutwa. Uliza kama wanataka nikahi ipigwe, na kama hawataki, ondoka baada ya kutoa pole. Habari za fedha zisubiri mpaka baada ya matanga. Chunguza pia picha ulizokwisha kupiga: ikiwa marehemu yumo, zihifadhi kando, na umwambie mtu mmoja tu wa familia kwamba zipo.

26. Mgeni amenifuata akitaka nifute picha yake. Nimwambieje?

Ifute mbele yake, umwoneshe skrini, na umshukuru kwa kukuambia mapema. Kama kamera inaandika kadi mbili, futa kwenye zote. Kisha muulize kama angependa umpige nyingine akiwa amejisitiri au amekaa anavyotaka, wengi hukubali. Akikataa, mwambie yule kijana wa swali la 3 ili asimwite tena kwenye picha za pamoja.